Nani Amemwona Mtu Mwenye Nyundo?

Mwenyekiti wa kikao, makocha, waamuzi, mafundi ambao grisi haiwatoki kuchani hata siku ya sherehe, wapanda baiskeli wenzangu, na ninyi mliowasindikiza ndugu zenu mkidhani kuna chakula: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie usalama katika mashindano. Dakika nimezipokea kwa mikono miwili, mada nimeigeuza kidogo. Nitazungumzia mizimu. Mwenyekiti asinikodolee macho, kwenye usalama nitafika, ila nitapitia njia ya vumbi.

Nianze na langu mwenyewe, kabla sijawaanika wengine.

Zilikuwa mbio za kilomita 110, nami ujana ulikuwa umeshaniaga. Nina tabia moja wenzangu huicheka. Usiku wa kuamkia mbio huchukua kalamu ya wino mzito nikaandika, juu ya ganda la kila ndizi, kilomita ya kuila. Siku ile nilikuwa na ndizi tatu: 40, 60, 80. Nikazipanga kwenye mifuko mitatu ya mgongoni mwa jezi, kutoka kushoto kwenda kulia, nisije nikakosea. Na maganda huwa situpi barabarani, huyarudisha mfukoni. Hilo la maganda naomba mlishike, tutalihitaji.

Kwenye kilomita ya 93 kuna mlima. Si mrefu, ila una dharau. Kundi lilikuwa limeshakatika vipandevipande, wenye miguu wametangulia, wengine tunafuatana mmojammoja kama shanga zilizokatika uzi. Nilikuwa nimeinamia usukani nikihesabu mizunguko ya pedali, nikifika nane naanza upya kwa sababu tisa nilikuwa nimeisahau. Nikainua kichwa kwenye kona ya mwisho.

Kando ya barabara, upande wa kushoto, amesimama mzee. Mrefu. Kichwa hana, au anacho lakini kimezama mabegani. Vazi jeusi limemfika chini ya magoti, na chini ya magoti hakuna kitu. Mkono mmoja umening'inia. Mwingine ameukunja mbele, na mwisho wake kuna kitu kizito, kinene kuliko ngumi. Alikuwa akiyumba taratibu, kulia, kushoto, kama mtu anayekataa ombi ambalo sijalitoa bado. Nami, ndugu zangu, pumzi iliyobaki ikinitosha neno moja, nikalitumia hilo hilo.

"Shikamoo."

Hakuitikia.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nakumbuka kuteremka, nakumbuka mstari wa kumalizia, nakumbuka mtu akinivua kofia ngumu kama anavyovuliwa mtoto viatu. Nilipopata akili, chini ya hema, nikauliza kwa sauti ya kujifanya sijali: jamani, yule mzee wa konani ni wa nani?

Kimya. Halafu mmoja akasema, "Mzee? Mimi nimeona mwanamke, nywele zimemfika kiunoni." Mwingine akasema ni askari, tena alimwashiria asimame naye akakataa, sasa ana wasiwasi wa faini. Wa tatu alimwona shetani mwekundu mwenye pembe, na huyo tulijua televisheni yake hailali mwezi wa Julai. Wa nne hakuona mtu, ila alisikia akiitwa pale pale kwa jina lake la utotoni. Mashahidi watano, mzimu mmoja, maelezo matano. Na waliotutangulia, wale wa mbele wenye miguu? Hawakuona kitu. Kona ni kona, walisema, mbona mnatutisha?

Watu watano wazima hawawezi kuondoka na jambo kama hilo bila kuunda tume. Tukaunda tume. Fundi wetu akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ameshiba. Kilichogunduliwa na tume nitakisema mwishoni. Kwanza niwapitishe kwa watuhumiwa, maana tangu siku ile nimewafuatilia kama mtu aliyeibiwa, na nimegundua kuwa mbio za baiskeli zina mizimu mingi kuliko makaburi.

Mtuhumiwa wa kwanza ni huyo shetani mwekundu, kwa sababu yupo kweli. Ana jina na ana mji. Anaitwa Didi Senft, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1952 karibu na Storkow, kusini-mashariki mwa Berlin. Kuanzia mwaka 1993 ameonekana kwa miaka mingi kando ya barabara za Tour de France na za Giro d'Italia, zile mbio kubwa za Ufaransa na za Italia: suruali nyekundu ya kubana, pembe kichwani, ndevu kidevuni, mkononi uma mkubwa wa meno matatu. Waendeshaji wakipita anaruka, anapiga kelele, anakimbia nao hatua chache. Na kabla hujamfikia, umbali fulani nyuma yake, utakuta ameshachora ule uma kwa rangi juu ya lami. Mtu anapanda mlima ameinamisha kichwa, anaona alama chini ya gurudumu, anajua mwenyewe hayuko mbali. Mimi namheshimu kwa hilo. Ni mzimu mwenye adabu: anapiga hodi.

Lakini hebu sikilizeni alivyozaliwa huyo shetani. Senft mwenyewe amesimulia kwamba wazo alilipata kwa watangazaji wa mbio za kwao, waliokuwa wakiiita raundi ya mwisho "raundi ya shetani mwekundu". Miaka hiyo hiyo alikuwapo Mwitaliano Claudio Chiappucci, wa pili katika Tour ya 1990 na tena ya 1992, aliyebandikwa jina la El Diablo, yaani Shetani. Kwa hiyo jina lilikuwa likizunguka barabarani miaka yote, kila mtu analitamka, mwenye jina haonekani. Senft akaona pengo la kazi, akajishonea nguo. Sehemu hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu siku zote nilidhani mzimu huja kwanza, kisha watu wakautafutia jina. Kumbe jina hutangulia, likakaa limening'inia, likingoja mtu wa kulivaa. Kumbukeni na neno "kuning'inia".

Na kwa nini 1993, si kabla? Mwaka 1987 Tour de France ilianzia Berlin Magharibi. Kutoka Storkow ni kama kilomita 50, safari ya asubuhi moja kwa baiskeli nzuri. Ila kati ya Storkow na mstari wa kuanzia palikuwa na Ukuta wa Berlin, uliotenganisha Mashariki na Magharibi, na ukuta ule ulikuwa na bunduki. Ulianguka Novemba 1989. Shetani naye alihitaji kibali cha kusafiri.

Je, ndiye anayewakata watu nguvu mlimani? Hapana, ana ushahidi wa kutokuwapo. Kwanza yeye mwenyewe ni mtu wa baiskeli, ameunda zaidi ya mia moja za ajabuajabu, moja kubwa kama nyumba ndogo, na inaendesheka. Pili, mwaka 2012 Tour ilipita bila yeye, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa. Mwaka ule waendeshaji waliishiwa nguvu milimani kama kawaida. Mtuhumiwa aachiwe huru.

Wa pili ni ufagio. Katika simulizi zetu mchawi hupanda ungo; Wafaransa wao wamepandisha ufagio kwenye gari. Tangu Tour ya 1910, ilipopita milima ya Pyrenees, kuna gari linalomfuata mtu wa mwisho kabisa na kuwazoa wanaoshindwa. Wanaliita gari la ufagio, na kwa miaka mingi limefungwa ufagio wa kweli, wa vijiti, juu yake au ubavuni. Mwaka huo huo Octave Lapize, aliyekuja kuibuka mshindi, alifika juu ya mlima mmoja wa Pyrenees akiwa hoi, akawaambia waandaaji kuwa wao ni wauaji. Na bado alikuwa na kilomita nyingi za kumaliza siku yake! Mtu wa mwisho kwenye orodha naye ana jina lake, taa nyekundu, kutokana na ile taa iliyokuwa ikining'inizwa nyuma ya behewa la mwisho la treni. Jiwekeni katika nafasi yake: mbele yako hakuna mtu, nyuma yako injini inanguruma polepole, haikupiti, haikuachi. Huo ni mzimu halali. Lakini wetu alikuwa mbele, si nyuma. Aachiwe.

Wa tatu ni mchawi mwenye meno ya kijani. Naye ni wa Wafaransa. Waandishi wao wa michezo walimsingizia kila balaa: pancha, mnyororo kukatika, mguu kugoma. Sina kesi naye, mtu anayesingiziwa kila kitu kwa kawaida hakufanya lolote.

Wa nne ni watu, binadamu kabisa, na hao ndio wa kuogopwa. Tour ya kwanza, mwaka 1903, ilikuwa na hatua sita tu kwa jumla ya kilomita 2,428. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya kilomita 400 kwa mkupuo mmoja, kwa baiskeli nzito, barabara za changarawe. Huwezi kumaliza umbali huo mchana, kwa hiyo watu waliendesha usiku kucha. Na palipo na usiku pana vivuli. Mwaka uliofuata, 1904, gizani kwenye mlima wa République karibu na Saint-Étienne, kundi la watu liliibuka kando ya barabara. Faure, kijana wa maeneo yale, wakampisha. Waliomfuata, akiwamo Maurice Garin, bingwa wa mwaka uliotangulia, wakapigwa. Mwitaliano Giovanni Gerbi aliumizwa vibaya. Ghasia zilitulia maofisa walipofyatua bastola hewani.

Na msiwahurumie waendeshaji haraka haraka, maana nao giza lile walilitumia. Desemba mwaka huo wanne wa kwanza wote walifutwa kwa udanganyifu, Garin akiwa mmoja wao, na ushindi ukakabidhiwa Henri Cornet, aliyekuwa wa tano. Alikuwa na miaka 19 mbio zilipomalizika, na mpaka leo hajapatikana mshindi mdogo kuliko yeye. Waandaaji walifanya nini mwaka 1905? Hawakuita mganga. Walifupisha hatua ili watu waendeshe mchana. Mizimu ikatokomea kwa kubadilishiwa ratiba. Waamuzi mlioko hapa, hapo ndipo ilipo sehemu ya usalama niliyoahidi. Mwenyekiti aandike kwenye kumbukumbu.

Wa tano nitampitia mbiombio. Namba 13: mkimwona mwendeshaji mkubwa ameibandika juu chini mgongoni, si kosa la pini, anaipindua ili nuksi imwagike. Na laana ya jezi ya upinde wa mvua, ile ya bingwa wa dunia, ambayo eti ukiivaa mwaka unakuwa mchungu. Mwaka 2015 mtafiti Thomas Perneger aliipeleka laana hiyo kwenye jarida la madaktari la BMJ na kuipima kwa hesabu. Jibu: aliyetwaa ubingwa alikuwa na mwaka mzuri kupita kawaida yake, na baada ya mwaka wa namna hiyo mtu hurudi kwenye kawaida yake. Ukishafika kileleni, barabara inateremka. Hakuna jini hapo.

Akabaki mmoja.

Waholanzi wanamwita mtu mwenye nyundo. Wajerumani nao hivyo hivyo, na Wafaransa wanaye. Anasubiri barabarani, hujui kilomita gani. Unaendesha vizuri, miguu inazunguka, unafikiria hata kushambulia, ghafla pa! kisogoni. Dakika moja baadaye baiskeli imekuwa kitanda cha chuma unachokisukuma mlimani. Sisi kwa Kiswahili tunasema gesi imeisha, au chaji imekata. Ni maneno mazuri, na kwa kweli ni sahihi kuliko ya Waholanzi, kama nitakavyoonyesha. Ila yana upungufu mmoja: hayana mtu ndani yake. Mzimu wetu hana nguo. Basi akija, anavaa chochote anachokikuta.

Tumfungue huyu tuone ndani. Misuli ya mtu mzima aliyezoea mazoezi imehifadhi wanga, unaoitwa glaikojeni, wa gramu 300 hadi 500. Ini nalo lina kama gramu 100. Ukijumlisha unapata kalori zipatazo 2,000. Mwendeshaji anayejikaza anaweza kuchoma kalori 600 hadi 1,000 kwa saa. Hesabu hiyo haihitaji mganga: saa mbili, pengine tatu, ghala limebaki mavumbi. Mafuta mwilini yapo tele, hata mwembamba wetu kuliko wote anayo ya siku nyingi, lakini mafuta yanawaka kama gogo bichi. Yatakupeleka, ila si kwa kasi ya mashindano.

Tumejuaje? Hapa ndipo ninapowapenda wanasayansi. Mwaka 1966 Waswidi wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, walitaka kujua glaikojeni inavyoisha na inavyorudi. Wakakaa wote wawili kwenye baiskeli moja ya maabara, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mtu akikanyaga kwa mguu mmoja tu. Wakakanyaga mpaka mguu ule ukakataa. Mguu wa pili umepumzika, unatazama. Halafu wakatobolewa mapaja kwa sindano nene na kutolewa vipande vya msuli, kutoka mguu uliofanya kazi na ule mvivu. Uliofanya kazi ghala lilikuwa karibu tupu. Wakala vyakula vya wanga siku tatu, wakatobolewa tena: mguu uliochoka ulikuwa umejaza karibu mara mbili ya mwenzake. Madaktari wawili wazima, baiskeli moja, miguu miwili! Kama kuna mtu angepita dirishani usiku ule, nadhani angesimulia ameona mnyama.

Sasa, misuli ikiisha wanga, miguu inakuwa mizito. Hilo ni chungu, lakini si mzimu. Mzimu unakuja ini linapoishiwa, kwa sababu ini ndilo linaloilisha damu sukari, na ubongo wako unaishi kwa sukari ile. Ikishuka, mikono inatetemeka, jasho linakuwa la baridi, macho yanaingia ukungu, unakuwa mkali bila sababu, hesabu ndogo inakushinda. Kumbukeni nilivyokuwa nahesabu mpaka nane. Mwaka 1924 huko Boston watafiti waliwapima damu wakimbiaji waliomaliza marathoni, wakakuta waliofika wamepauka na kuchanganyikiwa ndio wenye sukari ya chini. Mwaka uliofuata wakawapa peremende njiani, wakafika na rangi zao.

Na hana upendeleo, huyu bwana. Julai 2013, mlima wa Alpe d'Huez, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, amevaa jezi ya manjano, anaongoza Tour nzima, zimebaki kilomita chache. Akainua mkono kuomba. Mwenzake Richie Porte akarudi garini akamletea kijipakiti cha sukari, mahali ambapo kanuni zilishakataza kupokea chakula. Wote wawili wakaongezewa sekunde 20. Froome alikubali adhabu na akaishinda Tour. Mimi naona ndiyo sukari iliyouzwa kwa bei nzuri kuliko zote katika historia ya mchezo huu: kijipakiti kimoja, sekunde ishirini, na jezi ya manjano imebaki mgongoni.

Julai 2023, mlima wa Col de la Loze, Tadej Pogačar, aliyekwishaishinda Tour mara mbili, anaachwa. Redio ya timu ikamnasa akiwaambia wenzake maneno mawili kwa Kiingereza ambayo kwetu ni: nimekwisha, nimekufa. Siku ile alipoteza karibu dakika sita kwa Jonas Vingegaard. Sikilizeni vizuri lakini: maiti anatoa taarifa za kifo chake mwenyewe kwa redio, na anaendelea kukanyaga pedali. Mtaniambia mashindano haya hayana mizimu?

Tatizo kubwa, nawaambia wapya, ni kwamba mwili ukiwa kwenye kazi ngumu tumbo halipigi kelele. Njaa unayoijua ya nyumbani haiji. Mlima unakuja, mikono inataka usukani, mwenzako anakushambulia, unajisemea nitakula juu. Juu ndiko aliko yeye. Wataalamu wanashauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na kwa mbio ndefu hata 90, mradi uchanganye glukosi na fruktosi, maana hupita milango tofauti utumboni na hazisongamani. Ndizi moja ya wastani ina gramu kama 25 za wanga. Naona makocha wameanza kunipigia hesabu kwa macho. Ndiyo. Nilipofika kilomita ya 93 nilikuwa barabarani zaidi ya saa tatu. Ndizi zangu tatu, hata kama ningezila zote na maganda yake, zisingetosha. Tabia ya kuandika namba ilikuwa nzuri, ila aliyeziandika alikuwa bahili.

Turudi chini ya hema, tume inangoja.

Fundi hakutuuliza tumeona nini. Alisema, "Toeni vilivyomo mifukoni, wekeni mezani." Tukashangaa, tukatii. Yule wa mwanamke mwenye nywele alitoa ndizi mbili zilizopondeka na mkate uliokunjwa kwenye karatasi, haujaguswa. Wa askari alitoa vijipakiti vitatu vya sukari, vyote vimefungwa. Wa shetani mwekundu alikuwa na tende mkono mzima, zimeloa jasho. Aliyeitwa kwa jina la utotoni alikuwa na kila kitu alichotoka nacho nyumbani, pamoja na kijikaratasi kutoka kwa mkewe kinachosema "Ule." Kisha fundi akawaita wawili wa mbele, wale ambao hawakuona kitu. Wakageuza mifuko nje. Makombo.

Meza ikawa imesema yenyewe. Waliobeba chakula chao salama mpaka mwisho ndio walioonana na mzimu.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikageuka, nikawaonyesha mgongo kwa kiburi. Tupu! Hakuna ndizi hata moja. Mimi nimekula zote, nikasema, kwa kilomita zake, na mzee nimemwona kwa macho yangu. Nadharia yako imekufa, fundi. Yule mzee ni wa kweli.

Watu wakaguna. Wa askari akaanza tena kuiwaza faini yake.

Fundi akanitazama kidogo. "Maganda?"

Nikaingiza mkono. Mfuko wa kushoto, ganda limeandikwa 40. Mfuko wa kati, ganda limeandikwa 60. Mfuko wa kulia sikupata kitu. Litakuwa limeanguka kwenye mteremko, nikasema, na niliamini hivyo, nawaapia. Fundi akaandika kitu kwenye kiganja chake, akanyamaza.

Hapo ndipo akaingia mshika bendera, kijana wa kujitolea aliyekuwa amepangiwa ile kona ya kilomita ya 93. Mnawajua vijana hawa: wanasimama juani tangu alfajiri, hakuna anayewashukuru. Amebeba begani koti lake la mvua, refu, jeusi, lenye kofia. Akatueleza bila kuulizwa kwamba jua lilipokuwa kali alilivua akalitundika kwenye nguzo ya kibao cha kona, mkono mmoja ameubana kwa pini, humo amechomeka bendera yake akiwa ameiviringisha, yeye akaenda kukaa kivulini hatua ishirini hivi kutoka pale. Kutoka kivulini aliwaona waendeshaji wengine wakipita wanalikodolea macho koti lake, akadhani wanalitamani. Mmoja alipita mbio akipiga kelele kuwa hasimami hata kwa risasi. Na mwingine, akasema, mtu mzima, alishuka kabisa kwenye baiskeli, akasimama mbele ya lile koti, akainamisha kichwa kama anaongea nalo, akaligusagusa, halafu akapanda akaendelea. Hakumwingilia. Alidhani anaomba.

"Nilitaka kuwauliza tu," kijana akasema, "ni nani kati yenu aliyeniwekea hii?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa ndizi. Nzima, haijamenywa. Akaiweka mezani katikati ya ushahidi mwingine, na fundi akaigeuza polepole kwa kidole kimoja mpaka upande wenye wino ukaja juu.

80. Mwandiko ni wangu.